Kupeleka gari kwenye servisi Bukavu: mambo ya kutarajia tangu kupanga siku hadi kurudishiwa ufunguo

Watu wanaonunua gari lao la kwanza hapa Bukavu hufika kwenye maswali yaleyale baada ya miezi michache: servisi huchukua muda gani, je, ni lazima kukaa garajini hadi kazi iishe, oili inunuliwe na nani, na kwa nini bei iliyotajwa asubuhi si ile inayodaiwa jioni. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, na umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuingiza gari garajini isipokuwa lilipomzimikia njiani. Unahusu magari madogo na majipu ya kawaida, yawe ya esansi, yaani petroli, au ya mazutu, yaani dizeli.

Servisi si matengenezo ya hitilafu. Servisi ni kazi inayofanywa kwa kalenda, gari likiwa bado linatembea vizuri, ili vimiminika vilivyochoka vibadilishwe na sehemu zinazolika zikaguliwe kabla hazijaharibika. Wengi wetu huiita vidanji kwa jumla, ingawa vidanji, yaani kumwaga oili ya zamani na kutia mpya, ni sehemu moja tu ya kazi hiyo. Kutokana na mazoea hayo, mteja hufika na kusema, “Shefu, unifanyie servisi,” kisha akaondoka. Kwa maneno hayo machache amempa fundi ruhusa ya kufanya chochote, na pia ruhusa ya kutofanya lolote zaidi ya oili. Karibu ugomvi wote unaotokea baadaye kati ya wenye magari na mafundi unaanzia hapo, na ndiyo maana hatua nyingi zilizo hapa chini zinahusu makubaliano kuliko vyuma.

Kuhusu kalenda yenyewe, kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Vitabu hivyo, hata hivyo, hutenganisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na Bukavu yetu ni matumizi magumu kwa kila kipimo: milima, foleni, vumbi la kiangazi na matope ya masika. Kwa oili ya kawaida isiyo ya sintetiki, kilomita 5,000 au miezi 6, chochote kitakachotangulia, ni desturi salama. Anayetembea mjini tu, kutoka Nguba hadi Panzi na kurudi, asidanganywe na kilomita chache zinazoonekana kwenye dashibodi, kwa sababu injini inayosimama katika foleni inafanya kazi bila kuhesabu kilomita.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Utahitaji kwanza namba ya fremu ya gari pamoja na alama ya injini. Magari mengi tuliyo nayo yalitumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika kwingineko. Yana namba fupi inayoanza na alama ya aina ya gari, ikafuatwa na kistari na tarakimu. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibati kilichopigwa ndani ya chumba cha injini au karibu na mlango, na mara nyingi alama ya injini, kwa mfano 1NZ au 1HZ, huwa papo hapo. Piga picha ya kibati hicho na uiweke kwenye simu yako. Muuza vipuri akiiona picha hiyo hatakuuzia filta ya “gari kama hilo”, bali filta ya gari lako.

Pili, andika kilomita za sasa, kilomita na tarehe za servisi iliyopita, na aina ya oili iliyotiwa wakati huo.

Tatu, andika malalamiko ya gari kwa maneno kamili. “Linapiga kelele” halimsaidii fundi. “Linagonga upande wa mbele kulia, taratibu, ninapopita mashimo, lakini si kwenye lami” humwokolea nusu ya kazi, na kukuokolea wewe pesa za kubadilisha kisichoharibika. Eleza kama tatizo huonekana injini ikiwa baridi au moto, gari likipanda au likishuka, ukikanyaga freni au ukizungusha usukani.

Nne, andaa pesa, na uamue mapema ikiwa mtahesabiana kwa dola au kwa faranga, na kwa kiwango gani cha kubadilishia. Dola iliyochanika au kuchakaa haitapokelewa, hata kama mpasuko wake ni mdogo sana. Kagua noti zako nyumbani, usije ukashindwa kulitoa gari kwa ajili ya noti moja.

Mwisho, toa garini vitu vyote vya thamani. Hati za gari za asili zibaki kwako. Garaji haizihitaji ili kubadilisha oili.

HATUA ZA KUFUATA

1. Panga siku, na ufike asubuhi.

Mpigie shefu wa garaji simu siku moja au mbili kabla, umweleze aina ya gari na kazi unayoitaka. Servisi ndogo ya oili, filta na ukaguzi huchukua saa mbili au tatu ikiwa vipuri vipo. Servisi kubwa, yenye kugusa freni, maji ya radiateri na oili ya sanduku la gia, itakula siku nzima. Epuka kuingia Jumamosi mchana, kwa kuwa wateja wote hutaka kulichukua gari jioni hiyo na mafundi hukimbizana na saa. Katika miezi ya mvua, uliza pia kama garaji ina paa. Kufungua injini au chombo cha oili ya freni chini ya manyunyu ni kuingiza maji mahali ambapo maji ni adui.

2. Lizunguke gari pamoja na anayelipokea.

Kabla ya kukabidhi ufunguo, tembea na shefu au mtu wake kulizunguka gari. Onyesheni mikwaruzo iliyopo, kioo chenye ufa, taa isiyowaka. Soma kilomita na kiwango cha mafuta ndani ya tangi, kisha piga picha. Jambo hili halifanywi kwa sababu fundi ni mwizi. Linamlinda yeye kama linavyokulinda wewe, na fundi mwenye heshima hulifurahia.

3. Kubalianeni kwa maandishi.

Omba devi, yaani makadirio ya gharama yaliyoandikwa, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Devi nzuri hutenganisha mambo matatu: kazi zitakazofanywa, vipuri vitakavyonunuliwa na bei zake, na ujira wa fundi. Bei moja ya jumla isiyogawanywa haikusaidii, kwani siku ukileta kipuri chako mwenyewe hutajua nini kipunguzwe.

Hapohapo amueni nani atanunua vipuri. Ukimwachia garaji, utakuwa na haki ya kuirudia garaji hiyohiyo kipuri kikifa mapema. Ukinunua mwenyewe, unadhibiti bei, lakini kosa la ununuzi ni lako. Kwa anayeanza, ninapendelea njia ya katikati: nenda dukani pamoja na fundi, umlipe muuzaji wewe mwenyewe, na uchukue risiti yenye jina la kipuri. Bidhaa za bandia ziko nyingi sokoni, na boksi zuri si ushahidi wa kitu. Tazama ubora wa chapa kwenye kipuri chenyewe, uzito wake, na ulinganifu wake na cha zamani.

Malizia makubaliano kwa sentensi moja ambayo usiione haya kuitamka: “Shefu, ukikuta kitu kingine kibovu, unipigie simu kwanza kabla ya kukigusa.” Hakikisha namba yako imeandikwa juu ya devi, na ubaki unapatikana siku hiyo.

4. Oili na filta yake.

Kazi hii ndiyo moyo wa servisi, na ni rahisi kuifuatilia kwa macho. Injini huwashwa kidogo ili oili ipate joto na itiririke. Kisha kizibo cha chini hufunguliwa, oili ikaachwa idondoke hadi tone la mwisho. Wakati wa kurudisha kizibo, washa yake ya kuzuia uvujaji, yaani ile pete nyembamba, inapaswa kuwa mpya au angalau kuwa nzima. Filta mpya hupakwa oili kidogo kwenye mpira wake na kukazwa kwa mkono, si kwa nguvu ya ufunguo mkubwa.

Oili ichaguliwe kwa kitabu. Maandishi kama 5W-30 au 15W-40 yanaeleza wepesi wake baridini na uzito wake kwenye joto. Katika alama za API, zinazoonyesha daraja la oili, herufi S ni ya injini za esansi na C ni ya injini za mazutu. Omba uone dumu likifunguliwa mbele yako, kizibo chake kikiwa hakijaguswa. Injini ndogo ya Toyota ya 1NZ huchukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo ukinunua dumu la lita 4 kitabaki kidogo. Kirudi nawe nyumbani. Jipu la mazutu huchukua zaidi ya mara mbili ya hapo.

Tahadhari: kujaza oili kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia si zawadi kwa injini. Oili iliyozidi hupigwapigwa na kutoa povu, ikashindwa kulainisha, na inaweza kusukuma mipira ya kuzuia uvujaji.

Tahadhari nyingine inawahusu wenye gari za mazutu. Ukichomoa kijiti siku mbili baada ya servisi na kuikuta oili nyeusi, usimshtaki fundi. Masizi ya injini hiyo huichafua oili mpya katika muda mfupi sana, na hiyo ni kazi yake. Kuchomoa kijiti mbele yake kabla ya kuondoka garajini ndiko kunakothibitisha kwamba oili ni mpya.

Uliza pia oili iliyomwagwa inakwenda wapi. Mitaro ya mji huu huteremka hadi Ziwa Kivu, ambamo tunavua sambaza na kuteka maji, na oili chafu ya injini ina sumu. Garaji inayoikusanya kwenye pipa inastahili kupewa kazi kuliko ile inayoimimina mtaroni, hata kama bei yake imezidi kidogo.

5. Filta ya hewa na filta ya mafuta.

Filta ya hewa huonekana kwa dakika moja: ifunguliwe, iinuliwe kuelekea mwanga. Ikiwa mwanga haupiti, ibadilishwe. Kupuliza vumbi kwa hewa ya kompresa kunakubalika kati ya servisi mbili, mradi hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Filta ya mafuta ni muhimu zaidi kwa gari la mazutu; chini yake kuna sehemu ya kutolea maji, na maji hayo hayana budi kutolewa katika kila servisi, hasa kwa anayenunua mafuta ya madumu kando ya barabara.

6. Freni: hapa usikubali haraka.

Katika mji wa tambarare mtu anaweza kuvumilia freni za wastani. Hapa kwetu hakuna barabara isiyo na mteremko, na anayeshuka Kadutu katikati ya watu na pikipiki, au anayeteremka Ngomo akielekea Kamanyola na Uvira, maisha yake na ya wengine yameshikwa na vipande vichache vya unene wa kidole. Kwa hiyo servisi ambayo magurudumu hayakuvuliwa si servisi, na ukirudishiwa gari ambalo nati zake bado zina vumbi la jana, una haki ya kuuliza.

Magurudumu yakivuliwa, omba uonyeshwe plaketi, yaani pedi za freni, za mbele. Plaketi mpya huwa na unene wa karibu milimita 10 za sehemu inayosugua. Ikibaki milimita 3, wakati wake umekwisha, na hubadilishwa zote za ekseli moja kwa pamoja, kushoto na kulia, kamwe si upande mmoja. Diski itazamwe kama ina mifereji mirefu au ukingo uliosimama. Magari mengi madogo yana dramu nyuma. Zifunguliwe pia, kwa sababu sehemu hiyo husahaulika miaka na miaka huku freni ya mkono ikizidi kulegea.

Kisha kuna oili ya freni, ambayo ndiyo jambo linalopuuzwa kuliko yote. Oili hiyo huvuta unyevu kutoka hewani. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Kwa DOT 3 viwango hivyo ni 205 na 140. Katika mteremko mrefu freni hupata joto kali, oili yenye maji huchemka na kutoa mapovu, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Ibadilishwe yote kila baada ya miaka 2, mfumo ukitolewa hewa gurudumu kwa gurudumu. Kuongeza tu kidogo juu ya ile ya zamani hakuondoi unyevu uliokwisha kuingia. Chupa iliyofunguliwa zamani na kukaa kwenye rafu ya garaji isitumike. Nunua chupa ndogo mpya.

7. Maji ya radiateri.

Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na kwenye mwinuko huo maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfumo wa gari huyazuia yasichemke kwa kushikilia shinikizo, na kifuniko cha radiateri ndicho kinacholilinda shinikizo hilo. Kwa hiyo fundi akikuambia kifuniko kimelegea, usidhani anakutafutia gharama. Ni kitu cha bei ndogo kinachoweza kuua injini. Mfumo utiwe maji ya radiateri yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si maji ya bomba wala ya ziwani, ambayo huacha kutu na magamba ndani ya mirija. Usichanganye aina mbili kwa kufuata rangi tu, kwa sababu rangi hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, na usimruhusu mwanafunzi wa garaji afanye hivyo mbele yako.

8. Sanduku la gia, mikanda na batri.

Gari la automatiki lina oili yake ya pekee, na lile lenye mfumo wa CVT, yaani wa kubadilisha mwendo bila hatua za gia, lina oili nyingine tena. Magari mengi madogo ya Japani ni ya CVT bila mwenyewe kujua. Kutia oili ya automatiki ya kawaida ndani ya CVT ni kosa linaloweza kuliharibu sanduku zima, na sanduku hilo lina gharama kubwa. Ikiwa wewe na fundi hamna hakika, onyesheni namba ya fremu kwa muuzaji anayeweza kuitafuta, na kabla ya hapo pasiwe na kitu kinachomwagwa.

Mkanda wa ndani wa injini, ule unaopanga mwendo wa vali, hauko katika kila gari. 1NZ ina cheni; 1HZ, injini ya mazutu ya jipu za Toyota, ina mkanda. Mwenye 1HZ aubadilishe kila kilomita 100,000, na kama historia ya gari haijulikani, aubadilishe mara tu anapolinunua. Katika jipu za mazutu za Toyota zenye taa ya T-BELT kwenye dashibodi, taa hiyo huwaka kwa kuhesabu kilomita, haiangalii hali ya mkanda. Kuizima si sawa na kuubadilisha. Batri hupimwa kwa mita na vichwa vyake husafishwa, basi.

9. Chini ya gari na magurudumu.

Gari liwe juu ya shimo la ukaguzi au juu ya vishikilio imara vya chuma. Kriki, yaani jeki, peke yake haitoshi, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na kriki tu, hata kwa dakika moja.

Fundi atalitikisa kila gurudumu kwa mikono miwili ili kusikia ulegevu wa viungo na beringi, atatazama mipira inayofunika viungo vya ekseli kama imepasuka na kutema grisi, na atakagua amortisa, yaani shokapu, kama zinavuja. Mpira uliopasuka ukibadilishwa mapema, kiungo chenyewe hupona. Ukiachwa wiki kadhaa kwenye matope ya barabara ya Kavumu, kiungo kizima kitaliwa. Pine, yaani tairi, iliyolika upande mmoja tu inadai paralelizimu, yaani kunyooshwa kwa magurudumu ya mbele, na kuinunulia mwenzake mpya bila kunyoosha ni kuitupa pesa.

Nati zikazwe kwa mtindo wa kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, gari likiwa limeshushwa. Kwa gari ndogo nyingi za Toyota nguvu ya kukazia ni niutoni-mita 103; kupanda juu ya ufunguo kwa miguu huzidisha nguvu hiyo na kunyoosha skrubu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena.

10. Simu ya katikati ya kazi.

Tarajia kupigiwa. Gari likifunguliwa huonyesha yaliyofichika, na fundi anayepiga simu anatimiza makubaliano. Usijibu ndiyo wala hapana papo hapo. Uliza mambo matatu: nisipofanya leo kitatokea nini, kinaweza kusubiri servisi ijayo, na bei yake ikigawanywa ni ngapi. Freni, usukani, matairi na uvujaji wa mafuta havisubiri. Amortisa iliyochoka kidogo inaweza kungoja mshahara. Mpira wa mlango na taa ya ndani haviko katika mjadala wa leo. Ukiweza, fika uone kwa macho. Ukishindwa, omba picha.

11. Kulipokea gari.

Omba vipuri vya zamani: filta, plaketi, buji, yaani plagi. Hata kama hutavihitaji, vitakuonyesha kwamba vilitolewa, na garaji ikijua tangu asubuhi kwamba utaviomba itaviweka kando. Vilinganishe na devi, mstari kwa mstari.

Kisha mwendeshe gari pamoja na fundi, yeye akiwa amekaa kando yako, mpaka kwenye mteremko halisi. Pandeni, simameni katikati, vuteni freni ya mkono na kuiachia ya mguu: gari lisisogee. Shukeni kwa gia ndogo mkiisikiliza freni. Mkirudi, liache gari dakika 10 juu ya sakafu kavu au kipande cha katoni, na mchungulie chini kama kuna tone.

Lipa baada ya hapo. Fakitire, yaani ankara, ionyeshe tarehe, kilomita, aina ya oili na vipuri, na muda wa dhamana mliokubaliana. Bandika karatasi ndogo yenye kilomita za servisi ijayo karibu na dashibodi, na uhifadhi fakitire hizo katika bahasha moja. Siku ya kuliuza gari, bahasha hiyo itazungumza na mnunuzi kuliko rangi mpya.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA BAADA YA SERVISI

Tone la oili chini ya gari asubuhi ya pili. Pima kwanza kwa kijiti. Kama kiwango hakijashuka, huenda ni oili iliyomwagikia chuma wakati wa kujaza. Pafutwe, kisha patazamwe tena kesho. Kama kimeshuka, au tone linaendelea, filta au kizibo hakikukaa vizuri, na gari lirudi garajini siku hiyohiyo.

Taa nyekundu ya oili inawaka ukiwa njiani. Simama mahali salama na uzime injini mara moja. Usijaribu kufika hadi garajini, kwa kuwa dakika chache bila shinikizo la oili zinatosha kuiharibu injini kabisa. Mwite fundi aje ulipo.

Taa ya njano ya injini imebaki. Mara nyingi waya uliofunguliwa wakati wa kugusa filta ya hewa haukurudishwa, au bomba la hewa halikukazwa. Mwombe fundi atazame hayo kabla ya kuanza kuzungumzia sensa mpya.

Pedali ya freni ni laini au inashuka taratibu. Kuna hewa ndani ya mfumo au panavuja. Usiliendeshe gari, hata mtaani kwako.

Freni zinapiga kelele nyembamba siku za kwanza. Plaketi mpya huhitaji muda wa kuzoeana na diski. Kwa kilomita 200 hivi kanyaga kwa upole, usizichome kwa mteremko mrefu. Kelele ya chuma kusuguana na chuma ni jambo jingine, na hiyo hairuhusiwi kusubiri.

Usukani unatetemeka kuanzia mwendo fulani. Gurudumu lililovuliwa halikurudi mahali pake sawasawa, au kipande cha risasi cha kusawazisha kimeanguka. Kagua nati kwanza, halafu uombe magurudumu yasawazishwe.

Joto linapanda kwenye mlima. Kama maji ya radiateri yalibadilishwa, huenda hewa imebaki ndani ya mfumo. Zima kiyoyozi, simama, acha injini ipoe kabisa ndipo uongeze maji, na mrudishie fundi gari autoe hewa mfumo huo. Likijirudia baada ya hapo, zitazamwe termostati, feni na kifuniko, kwa mpangilio huo.

Injini inakwamakwama baada ya kuoshwa kwa maji. Maji yameingia kwenye soketi za nyaya au kwenye visima vya buji. Yakaushwe kwa hewa. Wakati mwingine omba injini ifutwe kwa kitambaa tu.

Garaji inadai zaidi ya devi. Toa karatasi yako, mpitie mstari kwa mstari bila kupandisha sauti. Kazi uliyoiidhinisha kwa simu unailipa. Kazi ambayo hukuulizwa mnaijadili, na kipuri kinachoweza kutolewa bila madhara kinaweza kutolewa. Kama uliyekubaliana naye asubuhi hayupo, subiri arudi, maana aliyeandika devi ndiye mwenye uwezo wa kuirekebisha.